Uzi: Kuirudishia nguvu Peugeot 504 ya zamani kwa bajeti ndogo, hasa kwa sisi wa nyanda za juu

Menengai504 (Nakuru)

Wanajukwaa, hamjambo. Swali la namna ya kuiongezea nguvu Peugeot 504 ya zamani kwa pesa kidogo hurudi hapa kila mara, na kila mara majibu hukimbilia kabureta mbili za Weber (vichanganyaji vya petroli na hewa), kamshafti kali (mtaimbo unaofungua valvu) na ekzosi ya kunguruma. Sikubaliani na mpangilio huo, na kwa kuwa sababu zangu hazitoshei katika jibu la mistari mitatu, nimeona afadhali nifungue uzi wake wenyewe ili tujadiliane kwa kituo.

Msimamo wangu ni huu: kwa mwenye gari anayeishi Nakuru, Kericho au Eldoret, nguvu ya bei nafuu kuliko zote ni ile ambayo injini yake ilitoka nayo kiwandani na ambayo kwa sasa haifiki kwenye magurudumu. Sehemu ya nguvu hiyo imeliwa na uchakavu, sehemu imeliwa na marekebisho ya mafundi wenye haraka, na sehemu imeliwa na mwinuko wa mahali tunapoishi. Ile iliyoliwa na mwinuko hairudi yote, lakini nyingine hurudi kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mtu asiyeirudisha kwanza atanunua vifaa vya bei ghali ili kufidia pointi zilizochakaa za distributa, yaani swichi ndogo ndani ya kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi.

Natumia mfano wa saluni yenye injini ya XN1, cc 1971, kabureta moja na gia nne. Injini hiyo ilihesabiwa kiwandani kuwa na nguvu za farasi wapatao 93. Bajeti yangu ni shilingi 80,000, na sharti langu ni kwamba gari libaki la kutumika kila siku, si la kuonyeshwa Jumapili.

Tuanze na hewa, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa ujazo wala si kwa uzito, kwa hiyo silinda hujaa kama kawaida, ila hujaa hewa nyepesi. Hata injini mpya kabisa ya aina hii ingetoa hapa farasi 75 hivi, na ikipanda hadi Timboroa, ambako tunakaribia mita 2,700, isingezidi 70. Anayelinganisha gari lake la Nakuru na alivyoliona likikimbia Kisumu, ambako ni mita 1,130 tu, analinganisha hewa mbili tofauti.

Jambo la pili linalotokana na hilo ni petroli. Kabureta hupima petroli kwa nguvu ya hewa inayopita kooni mwake. Hewa ikipungua uzito kwa asilimia 18, petroli nayo hupungua, lakini hupungua kwa asilimia 9 au 10 tu, na matokeo yake ni kwamba injini iliyopangiwa jeti (vipande vyenye tundu la kupimia petroli) za usawa wa bahari hupata hapa mchanganyiko ulio mzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana plagi za magari mengi ya zamani hapa kwetu hutoka nyeusi zenye masizi makavu, na mwenye gari huambiwa kwamba ringi zimekwisha. Ringi zikipitisha oili, weusi wa plagi huwa na mafuta yanayoteleza kidoleni, ilhali masizi ya petroli iliyozidi ni makavu na hufutika kama vumbi la mkaa. Tofauti hiyo mtu huiona kwa macho na kuigusa kwa kidole kabla hajalipa senti kwa fundi yeyote.

Dawa yake ni jeti kuu ndogo zaidi. Namba iliyochongwa kwenye jeti za kabureta za Solex huonyesha upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30. Ili kupunguza eneo la tundu kwa sehemu moja ya kumi, upana unapaswa kupungua kwa takriban asilimia 5, yaani 130 ishuke hadi 125, au 122.5 ikipatikana. Jeti ni kipande cha shaba cha bei ndogo, na kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Nawasihi tu msikubali fundi azibe tundu kwa risasi na kulitoboa upya kwa sindano, kwa maana tundu lisilo duara kamili halina kipimo. Na anayesafiri mara kwa mara hadi pwani aweke ile jeti ya zamani ndani ya gari airudishe akifika Voi, kwa sababu mchanganyiko uliopangiwa Nakuru utakuwa mwepesi mno Mombasa, na mchanganyiko mwepesi huunguza valvu za ekzosi.

Nitaendelea na mfumo wa moto, feni na breki, lakini kwanza nisikie wenzangu.

Jogoo wa Kondele (Kisumu)

Nashukuru kwa maelezo, kaka, lakini naona unatuzungusha. Mtu akitaka nguvu, anataka nguvu zaidi ya zile za kiwandani. Kabureta mbili za Weber hufungua koo la injini, na wakimbizaji wote wa zamani walizitumia. Kwa nini tusianzie huko?

Menengai504 (Nakuru)

Jogoo, sipingi kwamba zinafanya kazi. Napinga zamu yake. Kabureta mbili pana zinahitaji manifoldi yake (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), jeti zake na mtu anayejua kuzilinganisha ili silinda zote nne zivute sawa. Ukishalipia hayo yote, bajeti imekwisha na bado una distributa ile ile iliyolegea. Isitoshe, koo pana hunufaisha injini inapozunguka kasi sana, ilhali kwenye mpanda wa kutoka Salgaa kwenda Mau Summit unahitaji nguvu ya chini, ukiwa nyuma ya lori, kwenye gia ya tatu, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 au 3,000. Hapo koo pana hufanya mwendo wa hewa uwe mpole, petroli isichanganyike vizuri, na gari huwa zito kuliko lilivyokuwa.

Kuhusu wakimbizaji wa zamani, tukumbuke pia upande wao mwingine. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally ya 1965 pamoja na nduguye Jaswant wakiwa na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha kutumika mashindanoni. Na Ove Andersson alipoipa 504 ushindi wake wa 1975, gari lilikuwa saluni ya injini ya silinda nne yenye pampu ya kudunga petroli badala ya kabureta. Magari hayo yalisifiwa kwa kufika. Mwendo wa kasi usiofika Naivasha haunisaidii.

Fundi wa Shabab (Nakuru)

Kijana amesema kweli kuhusu jeti, na mimi niliyezeeka chini ya bonati za magari haya naomba kuongeza yangu, kwa maana kuna hatua ameiruka. Usibadilishe jeti wala kitu kingine kabla ya kupima mgandamizo wa silinda. Injini iwe moto, plagi zote nne zitolewe, waya wa koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche) uchomolewe, na mguu ukanyage eksileta hadi chini wakati wa kustata, la sivyo hewa haiingii na kipimo kitakudanganya.

Hapa kuna kosa ninaloliona kila mara. Kitabu kinampa mtu kipimo cha usawa wa bahari, tuseme 150 kwenye geji ya paundi, naye akipata 120 anaambiwa injini imekufa na inahitaji kufunguliwa. Kwa hewa ya Nakuru, 120 ndiyo 150 ya kitabu, kwa sababu injini inagandamiza hewa iliyoanza ikiwa na shinikizo dogo. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda moja na nyingine. Zikiwa 118, 120, 117 na 121, injini hiyo ni nzima, iache ifanye kazi. Zikiwa 120, 122, 85 na 119, silinda ya tatu ina tatizo, na ujazo wa kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi utakwambia ni lipi: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kisipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini kinachofunika silinda.

Jambo la pili ni nafasi ya valvu. Injini hizi zikiwa baridi hutakiwa kuwa na milimita 0.10 upande wa kuvuta na 0.25 upande wa ekzosi. Wengi hukaza mno ili makelele yapotee, na makelele hupotea kweli, lakini valvu ya ekzosi isiyokaa vizuri kwenye kiti chake haipoi, na baada ya muda huungua ukingo. Mlio mdogo wa valvu ni afya. Injini iliyonyamaza kabisa ndiyo inayonitia wasiwasi.

Binti wa Kericho

Mzee wetu, nashukuru kwa hilo la 120, maana mimi nilikuwa karibu kulipia kazi kubwa kwa sababu ya namba hiyo hiyo.

Naomba mtu aeleze kuhusu taimingi, yaani wakati cheche inapopiga. Nasikia kwamba huku juu tunaweza kuisogeza mbele kidogo.

Menengai504 (Nakuru)

Dada, ni kweli, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi kwa sababu gharama yake inakaribia sufuri.

Hewa nyepesi iliyogandamizwa huungua polepole zaidi kuliko hewa nzito, kwa hiyo cheche inapaswa kuanza mapema kidogo ili shinikizo la mlipuko lifike kileleni pistoni ikiwa mahali pake. Vilevile, kwa kuwa shinikizo ndani ya silinda ni dogo, hatari ya injini kugonga (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) hupungua, na hiyo hutupa nafasi. Digrii mbili au tatu zaidi ya kipimo cha kitabu kwa kawaida huleta tofauti inayosikika kwenye mpanda. Lakini kabla ya kuzungusha distributa, hakikisha kwamba pointi zina mwanya wa milimita 0.40, kwamba shafti ya distributa haichezi ukiitikisa kwa vidole, na kwamba uzito wa ndani unaosogeza taimingi kadiri kasi inavyopanda haujashikwa na kutu. Shafti inayocheza hubadilisha mwanya wa pointi kila mzunguko, na hapo taa ya taimingi itakuonyesha alama inayorukaruka badala ya kusimama. Ukiiona inaruka, usiendelee. Tengeneza bushi za distributa, au weka moduli ya elektroniki badala ya pointi. Hii ya pili ndiyo ununuzi wangu wa kwanza katika shilingi 80,000, na singeuahirisha kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Mwenye kuweka moduli aangalie koili yake kwanza. Baadhi ya koili zimeundwa kufanya kazi na resista (kipunguza umeme), na moduli iliyounganishwa bila kujali hilo huungua bila onyo.

Majaribio ya taimingi yafanyike kwenye mpanda wenye mzigo, si kwenye gereji. Kwa wewe wa Kericho, barabara inayopanda kutoka upande wa Awasi inafaa sana: gia ya nne, mwendo wa kilomita 60 hivi, kisha ukanyage hadi chini. Ukisikia mlio mkavu wa kugongagonga unaodumu, rudisha nyuma digrii moja ujaribu tena. Mlio mdogo unaokuja na kutoweka mara moja hauna neno. Zingatia pia kwamba kadiri unavyoshuka kuelekea Kisumu hewa huwa nzito na yenye joto, kwa hiyo taimingi iliyofaa kabisa Kericho inaweza kugonga Ahero. Anayeishi katikati ya sehemu hizi mbili apangie ile ya chini.

Jogoo wa Kondele (Kisumu)

Ndiyo maana gari langu hugonga huku na fundi aliyelipangia Eldoret anaapa kwamba alilikabidhi likiwa sawa. Wote wawili tulikuwa wakweli, kumbe.

Fundi wa Shabab (Nakuru)

Nimesubiri mtu aeleze feni na hakuna aliyeieleza, basi nitaieleza mimi.

Peugeot 504 ilitoka na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme. Injini ikiwa na joto la kawaida, feni inaachiliwa na kuzunguka yenyewe kwa upepo tu. Joto likipanda, swichi kwenye redieta huiwasha sumaku, nayo feni hukamatwa na kuzungushwa na mkanda. Ni ufundi wa ajabu kwa wakati wake. Sasa, kwenye kitovu cha feni kuna boliti tatu zenye vichwa vya mraba ambazo kazi yake ni kupanga mwanya wa sumaku. Boliti hizo zikikazwa hadi mwisho, feni hushikwa moja kwa moja. Kampuni ilikusudia hivyo kwa dharura, ili mtu afike nyumbani swichi ikifa. Lakini kati ya magari kumi yanayoletwa kwangu, mengi yana boliti zilizokazwa tangu enzi za mwenye gari wa kwanza, na feni inazunguka daima, usiku na mchana, ikila nguvu za injini na kuchelewesha injini kupata joto asubuhi za baridi.

Zifungue boliti hizo, panga mwanya kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia mianya), milimita 0.35 pande zote tatu, safisha pete ya shaba, badilisha kaboni iliyochakaa, na ujaribu swichi kwa kuunganisha waya wake na bodi: ukisikia sumaku ikipiga mlio wa kukamata, mfumo ni mzima. Kaboni yenyewe ni kipande kidogo kuliko kifutio cha penseli. Hakuna kabureta duniani inayorudisha nguvu kwa bei hiyo.

Binti wa Kericho

Naomba kuuliza kabla sijafungua hizo boliti, mzee. Je, hakuna hatari ya injini kuchemka? Huku tuna milima, na gari langu husafirisha watu sita siku za soko.

Fundi wa Shabab (Nakuru)

Hatari ipo kama redieta ni chafu, mama. Na huku kwetu ipo sababu moja zaidi: maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na Timboroa mapema kuliko hapo. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni shinikizo linalotunzwa na kifuniko cha redieta. Raba ya kifuniko ikikauka, shinikizo hupotea, na maji huanza kutoa mapovu kwenye hedi wakati geji bado inasoma kawaida. Hedi ya 504 ni ya alumini, nayo hupinda upesi. Basi nunua kifuniko kipya kwanza, safisha redieta, tumia kiowevu cha kupozea badala ya maji ya mfereji, ndipo ufungue boliti. Ukifuata mpangilio huo, hutachemsha.

Kakamega V8

Salamu kwenu. Mimi nina Ford Mustang ya 1966 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, iliyorithiwa ndani ya familia, na nasoma uzi huu nikijiuliza kama unanihusu. Wenzangu wananiambia kwamba gari la misuli la Kimarekani halina haja ya mambo haya madogo madogo, kwa sababu lina farasi 200.

Menengai504 (Nakuru)

Karibu, ndugu, unahusika moja kwa moja. Hizo 200 zilipimwa kwa mtindo wa zamani wa Marekani, injini ikiwa juu ya meza bila kisafisha hewa cha kawaida, bila ekzosi ya gari na bila vifaa vinavyoendeshwa na mikanda. Viwanda vya huko vilihamia kwenye kipimo halisi kwa magari ya 1972, na ndiyo sababu namba za miaka hiyo zilionekana kuporomoka ghafla hata pale injini ilipokuwa ile ile. Farasi wako halisi walikuwa wachache tangu mwanzo, na Kakamega, ambako mwinuko ni mita 1,500 na zaidi, wamepungua tena. Masuala ya jeti na taimingi ni yale yale, isipokuwa kwamba jeti za Kimarekani zina namba za aina nyingine, kwa hiyo usitumie hesabu yangu ya sehemu za mia za milimita.

Lakini kwa gari lako singeanza na injini hata kidogo. Mustang za 1965 na 1966 zilitoka na silinda kuu ya breki yenye chumba kimoja, na mpira mmoja ukipasuka popote, magurudumu yote manne hukosa breki kwa wakati mmoja. Kuanzia magari ya 1967 zilipewa vyumba viwili, mbele na nyuma mbalimbali. Kubadilisha kutoka mfumo wa kwanza hadi wa pili ni kazi inayofahamika vizuri na vifaa vyake huagizwa kwa urahisi. Farasi ulio nao wanatosha kukuua kwenye mteremko wa Chavakali, sembuse ukiongeza.

Na hili la breki linatuhusu hata sisi wa 504. Nyongeza ya nguvu ya breki, ile ngoma nyeusi iliyo mbele ya dereva, hutegemea tofauti kati ya hewa ya nje na utupu wa manifoldi. Hewa ya nje ikiwa na asilimia 80 tu ya shinikizo, msaada wa ngoma hiyo hupungua, na kanyagio huwa gumu zaidi huku juu kuliko pwani. Ukiongeza kwamba mipira mingi ya breki kwenye magari haya ni ya miaka mingi na kwamba majimaji ya breki hufyonza unyevu, utaona kwa nini nimetenga theluthi ya bajeti kwa mipira mipya, majimaji mapya na pedi za mbele zenye ubora. Anayejua mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa hahitaji nimweleze zaidi.

Kakamega V8

Nimekuelewa, ndugu. Nitaanza na silinda kuu.

Jogoo wa Kondele (Kisumu)

Sasa mmenishawishi kwa sehemu. Bado nina maswali mawili. La kwanza ni kuhusu ekzosi, kwa maana fundi wa karibu yangu ananishauri kuondoa kizuia kelele chote. La pili ni kuhusu kukwangua hedi ili kuongeza mgandamizo, kwa kuwa mmesema wenyewe kwamba hewa yetu inaruhusu.

Menengai504 (Nakuru)

La ekzosi ni fupi. Bomba la inchi mbili lililokunjwa vizuri bila mikunjo iliyobonyea, pamoja na kizuia kelele cha kupitisha moja kwa moja, linatosha kwa injini ya lita mbili yenye kabureta moja. Kuondoa kila kitu huongeza kelele kuliko kunavyoongeza nguvu, na nchi hii ina kanuni za kelele tangu 2009.

Afadhali pesa hizo uzitumie kuvuta hewa baridi. Kisafisha hewa kinachovuta hewa iliyokwisha kupashwa moto chini ya bonati kinakunyima nguvu kila siku ya jua Kisumu, na bomba jepesi linalochukua hewa mbele karibu na taa ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa mabati. Ila kisafisha hewa chenyewe kibaki. Vumbi letu si la mchezo. Upande wa Kariandusi karibu na Gilgil, ardhi ni ya diatomaiti, ambayo viwanda hutumia kusugulia vitu.

Kuhusu uzito pia sijasema neno. Saluni hii ina kilo 1,200 hivi. Keria ya juu ya chuma, tairi la pili la akiba, vyuma vya mbele vilivyoongezwa na spika kubwa vikitoka, mtu anaweza kupunguza kilo 60 bila kununua chochote, na hiyo ni sawa na kuongeza nguvu kwa asilimia 5 kwenye kila mpanda. La hedi namwachia mzee.

Fundi wa Shabab (Nakuru)

Kukwangua hedi kunawezekana, na kwa hewa yetu kuna faida, lakini nisikilize kabla hujagusa boliti ya kwanza. Injini hii ina silinda zinazochomolewa, zinazokaa ndani ya maji moja kwa moja. Kinachozishikilia zisiinuke ni mkazo wa hedi iliyofungwa kwa boliti tu. Hedi ikishatolewa, silinda hizo ziko huru. Fundi akizungusha injini wakati huo, labda ili kusafisha vichwa vya pistoni, pistoni huinua silinda, sili ya chini huachia, na maji huingia kwenye oili. Utafunga hedi yako iliyokwanguliwa vizuri, utaendesha wiki moja, na oili itakuwa kama chai ya maziwa. Lazima silinda zibanwe kwa vipande vya chuma na boliti mara tu hedi inapotoka, na injini isizungushwe kabisa. Kisha pima urefu wa kila silinda juu ya bloku. Inapaswa kuchomoza kidogo, na zote nne zilingane, la sivyo gasketi haitashika.

Na ukikwangua, usikwangue kwa kukisia. Hedi nyingi za hapa zimekwisha kukwanguliwa mara moja au mbili kwa sababu ya kuchemka, na hakuna aliyeandika kipimo popote. Peleka karakana ya kuchonga vyuma, pima unene wake na ulinganishe na kitabu, halafu uamue. Ikiwa hedi tayari iko chini ya kipimo, mgandamizo wako umekwisha kuongezwa na mtu mwingine zamani, na kazi yako ni kupanga taimingi tu.

Mimi binafsi singefungua injini yenye silinda zinazolingana kwa ajili ya kukwangua hedi peke yake. Ningesubiri hadi gasketi idai yenyewe, ndipo nifanye kazi zote mbili kwa malipo ya kufungua mara moja.

Jogoo wa Kondele (Kisumu)

Basi nitapima kwanza, mzee. Geji nitaiazima kwa jirani kesho.

Fundi wa Shabab (Nakuru)

Vyema. Ukimaliza, andika hapa namba za silinda zote nne kwa mpangilio kuanzia ile iliyo upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo kati ya injini na gia), kwa maana Peugeot huhesabu kutoka huko, si kutoka kwenye redieta. Taja pia kama eksileta ilikuwa imekanyagwa hadi chini, na uweke picha ya plagi zote nne zikiwa zimepangwa kwa mpangilio huo huo. Usizisafishe kabla ya kuzipiga picha.